Taa za Mkanda kwa Betri: Anza na Hesabu, Betri Baadaye

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lilelile. Mwenye kibanda cha chipsi anataka kujua kama betri ya pikipiki itamfikisha saa tano usiku. Mwenye duka la rejareja ana betri ya UPS iliyolala kabatini tangu mwaka juzi, na anauliza kama itawasha mkanda wa LED alioubandika juu ya shelfu. Kijana wa bodaboda ameshaunguza mikanda miwili na ameamua kuwa yote ni feki. Umeme ukianza kukatika jioni, waulizaji huongezeka.

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, tena kirahisi, kwa sababu mikanda mingi ya LED imetengenezwa kwa volti 12, zilezile za betri ya gari. Jibu refu ndilo linalookoa pesa. Roli moja la mita 5 linaweza kula wati 24, na jingine la urefu huohuo, ambalo kwa mbali hulitofautishi nalo, likala wati 72. Kwa betri ya 7Ah (ampea-saa 7), ile ndogo ya UPS, la kwanza litawaka karibu saa moja na dakika 45 bila kuiumiza betri. La pili litaikausha kabla saa moja haijaisha. Anayenunua betri kabla ya kujua mkanda wake unakula kiasi gani amenunua kwa kubahatisha, na malalamiko mengi chanzo chake ni hicho.

## Kwanza, mkanda ni wa volti ngapi?

Kariakoo au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, mikanda ya aina nne inaweza kukaa rafu moja, na muuzaji mwenye haraka hana muda wa kueleza. Ugeuze mkanda, tafuta maandishi madogo yaliyochapwa karibu na vidoti vya shaba.

- Volti 5. Huja na plagi ya USB. Huu ni wa pawabenki. Ukiuunganisha na betri ya gari utauunguza.
- Volti 12. Alama ya mkasi huwa kila baada ya vitaa vitatu. Ndio unaozungumzwa zaidi hapa.
- Volti 24. Alama za mkasi zimeachana zaidi, mara nyingi kila baada ya vitaa sita. Kwa betri ya volti 12 hauungui, ila hauwaki.
- Volti 220. Umevikwa plastiki nene, hukatwa kwa mita kutoka kwenye roli kubwa, na plagi yake ina kijiboksi.

Huu wa mwisho unahitaji onyo la peke yake. Betri ya volti 12 haiuwashi. Na kile kijiboksi cha kwenye plagi si transfoma kama wengi wanavyodhani: hugeuza tu umeme wa ukutani uende upande mmoja, bila kuupunguza. Ncha ya mkanda huo ikiachwa wazi, anayeigusa amegusa umeme wa ukutani. Kosa la kinyume nalo hutokea, pale mtu anapochukua mkanda wa volti 12 na kuuchomeka kwenye plagi ya mwenzake wa 220. Huwaka sekunde moja kwa mwanga wa kutisha, na biashara imeishia hapo.

## Hesabu ya dakika mbili

Lebo ya roli huonyesha wati kwa mita. Kama haionyeshi, aina ya kitaa husaidia. Mkanda wa vitaa vya 3528, vyenye upana wa milimita 3.5 kwa 2.8, ukiwa na vitaa 60 kwa mita hula takriban wati 4.8 kwa mita. Wa 5050, ambavyo ni vya mraba wa milimita 5, kwa idadi hiyohiyo hula wati 14.4 kwa mita. Ukishapata namba hiyo:

1. Zidisha wati kwa mita na urefu utakaowasha.
2. Gawanya kwa 12 upate ampea.
3. Zidisha na saa unazotaka taa iwake. Hapo umepata Ah zitakazotumika.
4. Kwa betri ya asidi, zidisha mara mbili. Kwa lithiamu, ongeza robo.

Chukua kile kibanda cha chipsi. Kina mita 3 za mkanda wa 3528 wenye vitaa 120 kwa mita, yaani wati 9.6 kwa mita. Jumla ni wati 28.8, sawa na ampea 2.4. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku ni saa 5, kwa hiyo zitatumika 12Ah. Betri ya asidi inayofaa ni ya 24Ah au zaidi kidogo. Ya lithiamu inatosha ya 15Ah. Betri ya pikipiki ya 9Ah haimfikishi, hata ikiwa mpya.

Hapo msomaji mwenye mkoba mwembamba anakata tamaa mapema mno. Kuna kifaa kidogo cha kupunguzia mwanga, huitwa dima, hufungwa kati ya betri na mkanda. Mwanga ukiushusha hadi nusu, ulaji nao hushuka karibu nusu, na jicho la mteja anayesubiri chipsi halihisi kuwa nusu imeondoka. Kwa kibanda kile betri ya 12Ah hadi 14Ah inaanza kutosha. Njia nyingine ni kupunguza urefu. Watu hubandika mita 5 kwa sababu tu roli lilikuja na mita 5.

### "Kwa nini mara mbili? Betri si imeandikwa 24Ah?"

Imeandikwa, lakini kuna mambo mawili. La kwanza, betri ya asidi ikizoeshwa kuisha kabisa hufa upesi. Iliyotumika hadi nusu tu kisha ikachajiwa hudumu mara kadhaa zaidi. La pili, namba hiyo kwa betri nyingi ndogo imepimwa kwa kuitumia polepole kwa saa 20. Betri ya 7Ah hutoa 7Ah ukiikamua kwa ampea 0.35. Ukiikamua kwa ampea 6, hutoa pungufu sana. Ndiyo maana roli la wati 72 halifikishi saa moja na kitu kama hesabu ya haraka inavyoahidi.

### "Lebo imefutika, nifanyeje?"

Pima. Kipima umeme cha bei ya chini kina tundu la 10A. Unakipitisha katikati: waya chanya wa betri unaingia kwenye kipima, unatoka kwenda kwenye mkanda. Kinasoma ampea moja kwa moja.

Ukimaliza, rudisha waya mwekundu wa kipima kwenye tundu la volti kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Wakiwa wameshapima ampea, watu husahau, kisha wanaweka ncha mbili za kipima kwenye vichwa vya betri ili wasome volti. Kwa kufanya hivyo wameipiga betri shoti kwa mikono yao. Ikiwa bahati ipo, fyuzi ya ndani ya kipima ndiyo inayokatika.

## Betri ipi?

Ya asidi iliyofungwa, zile za UPS na za kengele za ulinzi, ndiyo rahisi kuipata na fundi yeyote anaijua. Haimwagi maji, chaja yake ni ya kawaida. Ubaya wake ni uzito, na haipendi kukaa bila chaji. Betri iliyokaa kabatini miaka miwili haijapumzika. Imekufa au inakufa. Ichaji, iache saa kadhaa bila kitu, kisha pima. Kipimo hiki ni cha betri iliyotulia, isiyochajiwa wala kuwasha chochote:

- Volti 12.7: imejaa
- Volti 12.4: imebaki kama robo tatu
- Volti 12.1 hadi 12.2: nusu, zima taa
- Chini ya volti 11.9: umeshaiumiza

Ikisoma 12.7 halafu ikaporomoka hadi 11 dakika chache baada ya kuwasha mkanda, haina kitu ndani.

Ya gari inawasha vizuri, ila imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Kazi ya kutoa kidogokidogo usiku kucha huichosha. Inayojazwa maji isiwekwe chumba cha kulala wala ndani ya kabati lisilopitisha hewa, kwani wakati wa kuchaji hutoa haidrojeni, gesi inayowaka.

Lithiamu aina ya LiFePO4 ndiyo bora kwa kazi hii, kama pesa ipo. Ya seli nne hukaa karibu volti 13 sehemu kubwa ya usiku, hivyo mwanga haufifii, na inavumilia kutumika zaidi ya nusu. Bei yake ya dukani ni kubwa, lakini anayewasha kila siku huirudisha kwa kutobadilisha betri mara kwa mara.

Seli za 18650, zile za duara zinazotolewa kwenye betri za laptopu, zinapendwa na vijana wa ufundi. Tatu zikipangwa mfululizo hutoa volti 12.6 zikiwa zimejaa, kisha hushuka hadi 9 au 10, na mwanga hushuka nazo. Hizi zina masharti yasiyo na mjadala. Lazima pakiti iwe na bodi ya ulinzi, ile inayoitwa BMS. Lazima chaja iwe ya lithiamu ya volti 12.6, kamwe isiwe ya betri ya asidi. Na seli zisilehemiwe kwa pasi ya moto moja kwa moja, kwa sababu joto huziharibu ndani. Na huko mitaani kuna uongo mwingi: seli nzuri za ukubwa huu kwa kawaida huishia kwenye mAh 3,500 hivi. Inayojitangaza kuwa na 9,900 iache palepale. Seli ya kweli ina uzito wa kama gramu 45. Ya uongo mara nyingi ni nyepesi, na mkono huijua.

Betri za redio. Nane za AA zikipangwa mfululizo hutoa volti 12, na zinafaa nusu mita ya mkanda kwenye mavazi ya ngoma au keki ya harusi. Ile ya mraba ya volti 9 haifai, kwani mkanda wa volti 12 katika volti 9 huwa kama unasinzia.

Pawabenki inafaa mkanda wa volti 5. Ya mAh 10,000 hutoa kwenye tundu lake kama mAh 6,000 hadi 6,500, kwa sababu namba ya kwenye kasha huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli ya ndani. Ule waya wa kupandisha volti 5 kuwa 12, ambao wengi wanao kwa ajili ya kuwashia ruta umeme ukikatika, unaweza kuwasha mkanda wa 3528, lakini mita moja na nusu hivi. Ukizidisha, pawabenki hujizima. Ukiweka mkanda mfupi mno nayo pia hujizima, ikidhani simu imeshajaa!

## Invata haina kazi hapa

Wapo walionunua invata kwa ajili ya luninga, na kwa mazoea wanachomeka hata adapta ya mkanda humohumo. Tazama safari ya umeme huo: unatoka kwenye betri ukiwa volti 12, invata inaupandisha hadi 220, adapta inaushusha tena hadi 12. Kila daraja linachukua fungu lake kwa njia ya joto. Kwa vifaa vya kawaida, robo ya betri inaweza kupotea njiani, na invata yenyewe hula umeme hata ikiwa haijachomekwa kitu. Mkanda uunganishwe na betri moja kwa moja, kupitia fyuzi na swichi, na invata ibaki na luninga yake.

## Kufunga, hatua kwa hatua

Andaa mkanda, betri, kishikio cha fyuzi na fyuzi zake, swichi, waya wa rangi mbili, pasi ya kulehemu na risasi yake, na vipande vya mpira vinavyosinyaa kwa moto.

1. Jaribu mkanda kabla ya kuukata. Sekunde chache tu, maana mkanda ukiwaka ukiwa umeviringwa kwenye roli lake hupata moto haraka.
2. Kata penye alama ya mkasi, katikati ya vidoti vya shaba. Ukikata pengine, vitaa vya kipande hicho havitawaka.
3. Lehemu waya. Kama mkanda una silikoni juu, ikwangue kwanza mpaka shaba ionekane. Paka risasi kwenye kidoti, paka kwenye waya, kisha viunganishe kwa mguso wa sekunde mbili. Ukikawia, kidoti hubanduka na kwenda na pasi.
4. Safisha ukuta. Gundi ya nyuma haishiki kwenye vumbi la saruji wala kwenye mafuta ya jikoni. Kwa mikanda ya 5050 tumia reli ya alumini; hunyonya joto na kurefusha maisha ya vitaa.
5. Funga fyuzi na swichi kwenye waya chanya.
6. Betri iwe ya mwisho kuunganishwa. Chanya kwanza, hasi baadaye. Wakati wa kufungua, hasi hutangulia.

Ukikosea chanya na hasi, mkanda wa rangi moja kwa kawaida hauwaki tu, geuza. Mikanda inayocheza rangi zenye mpangilio wake, ambayo kila kitaa kina kidubwasha ndani, haina huruma hiyo. Hiyo hufa.

### Vibanio badala ya kulehemu

Vinaokoa muda na vinafaa ndani ya nyumba kavu. Pwani, upepo wa chumvi huvipa kutu, na kabla ya muda mrefu taa huanza kupepesa. Lehemu.

## Fyuzi, na kwa nini watu huiruka

"Volti 12 haipigi shoti, fyuzi ya nini?" Hoja hii husikika hata kwa mafundi. Ni kweli volti 12 haimrushi mtu mwenye mikono mikavu. Fyuzi haikuwekwa kwa ajili ya mtu, imewekwa kwa ajili ya waya. Betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja, na waya mwembamba wa taa huwa mwekundu, plastiki yake ikawaka.

Fikiria kibanda cha mbao na mabati. Waya umepita kwenye ukingo wa bati uliokatwa kwa mkasi. Kila upepo ukipiga, bati linakwangua ganda la waya kidogo. Siku ganda likiisha hakuna mtu wa kuliona. Na kama hasi nayo imegusa bati mahali pengine, waya wote kutoka kwenye betri hadi hapo unageuka kuwa hita. Chini yake kuna maboksi ya biskuti.

Kanuni zake si nyingi:

- Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, ndani ya shubiri moja. Sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina ulinzi wowote.
- Iwe juu kidogo ya ampea za mkanda. Mkanda wa ampea 2.4 hupewa fyuzi ya 3A, ya zambarau kwa zile za gari, au ya 5A, yenye rangi ya kaki. Wa ampea 6 hupewa ya 7.5A, ya kahawia, au ya 10A, nyekundu.
- Isizidi uwezo wa waya. Waya mwembamba wa spika na fyuzi ya 20A ni sawa na kutokuwa na fyuzi.
- Ikikatika, tafuta sababu. Anayeizungushia karatasi ya sigara ameamua kutotafuta.

## Waya mwembamba hula mwanga

Fundi anaweka betri dukani chini na taa juu ya geti, mita 10 kutoka hapo. Umeme unaenda mita 10 na kurudi mita 10. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 unaobeba ampea 2, karibu volti moja nzima inapotea njiani. Ukitumia wa 1.5, inapotea nusu volti. Kwa ampea 6, hata huo wa 1.5 hupoteza volti 1.4, na vitaa vinaonekana vimechoka.

Sogeza betri karibu na taa, au nenesha waya. Na ujihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba: ukwangue kwa kisu, ukiwa mweupe ndani, hesabu hizi hazikuhusu, utapoteza zaidi.

Mkanda wenyewe nao una kikomo. Shaba yake ni nyembamba, kwa hiyo usiunge maroli mawili ya mita 5 kwa mfululizo na kulisha upande mmoja. Mwisho wake utafifia na mwanzo wake utapata moto. Kila roli lipate waya wake kutoka kwenye betri, au mkanda ulishwe pande zote mbili.

## Kuchaji huku taa zinawaka

Mkanda wa volti 12 ndani una vitaa vitatu vinavyochukua kama volti 9, na kizuizi kidogo kinachomeza tatu zilizobaki. Chaja au jenereta ya gari ikifikisha volti 14.4, zile za ziada zote huangukia kwenye kizuizi hicho. Umeme unaopita hupanda kwa nusu au zaidi. Mkanda hung'aa kwa raha, kisha vitaa vinaanza kufa kimoja kimoja. Tiba ni kipunguza volti, kibodi kidogo cha kushusha hadi 12 kamili kinachouzwa kwenye maduka ya elektroniki. Chagua chenye uwezo mara moja na nusu ya ampea zako.

Kwa sola, yale mahitaji ya kibanda cha chipsi, 12Ah kila usiku, yanahitaji paneli ya wati 50 siku zenye jua zuri. Masika yakiingia, ya wati 80 ndiyo ya kutegemea. Paneli isiunganishwe na mkanda kamwe: "volti 12" yake ni jina, kwani ikiwa haina mzigo hutoa volti 21 au 22. Ipitie kwenye chaji kontrola, betri ikiunganishwa kwanza kwenye kontrola, paneli ifuate. Kontrola nyingi zina tundu la taa linalojizima betri ikishuka chini. Litumie, ila jua kwamba mara nyingi hukata kwenye volti 11 hivi, ambazo kwa betri ya asidi ni kuchelewa. Kama kontrola inaruhusu, ipandishe hadi 11.8 au 12.

## Bodaboda na bajaji

Yule kijana aliyeunguza mikanda miwili huenda hakuuziwa feki. Katika baadhi ya pikipiki ndogo, taa kubwa haipati umeme kutoka kwenye betri bali kwenye koili ya injini, na volti zake hupanda na kushuka kwa kufuata mafuta. Mkanda usidandie waya wa taa kubwa. Uanzie kwenye betri, upitie fyuzi, upitie kipunguza volti, na uwashwe kupitia swichi ya ufunguo ili usisahaulike ukiwaka usiku kucha. Rangi nayo si mapambo tu: nyekundu haikai mbele, nyeupe haikai nyuma, na bluu inayomweka waachiwe polisi na magari ya wagonjwa.

## Maji

Wanaojua habari ya taa na maji ni wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria. Huvua usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa kuwavuta dagaa kwenye mwanga. Kwa miaka mingi mwanga huo ulikuwa wa karabai. Sasa mitumbwi mingi inatumia LED na betri ya volti 12 inayochajiwa mchana mwaloni. Huko kinachoharibika kwanza ni maungio, hata kama mkanda wenyewe umekingwa.

Mkanda ulioandikwa IP20 ni wa ndani tu. IP65 huvumilia mvua. IP67 huvumilia kuzama kidogo kwa muda mfupi. Lakini ukishaukata, kinga hiyo imekwisha pale ulipokata. Jaza silikoni ya wazi kwenye ncha, vaa kifuniko chake, na uache waya ulegee chini ya ungio ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Neno moja kwa wafugaji, kwa kuwa huuliza sana: mkanda wa LED hauwapi vifaranga joto. Unawapa mwanga wa kulia chakula tu. Chungu cha mkaa au taa ya joto bado inahitajika.

## Mkanda ukigoma

- Hauwaki kabisa. Kama ni wa rangi moja, geuza chanya na hasi. Kisha angalia fyuzi, kisha pima volti pale waya unapoingia kwenye mkanda, si kwenye betri.
- Vitaa vitatu vimezima, vingine vinawaka. Kitaa kimoja kati ya hivyo au kizuizi chao kimekufa. Kata kipande hicho kwenye alama zake, unga upya.
- Mwanzo mkali, mwisho hafifu. Mkanda ni mrefu mno kwa mlisho mmoja. Peleka waya wa pili upande wa mwisho.
- Unapepesa ukitikiswa. Ungio limelegea au lina kutu.
- Unawaka, kisha unazima baada ya dakika chache, kisha unawaka tena. BMS au kontrola inakata kwa sababu betri imeisha au mzigo ni mkubwa. Pima ampea.
- Uliungua mara tu baada ya kuongeza betri ya pili. Betri ziliungwa chanya kwa hasi, zikatoa volti 24. Zinapaswa kuungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zikiwa za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja, kila moja na fyuzi yake.
- Betri inaisha hata taa zikiwa zimezimwa. Mkanda wa rangi wenye rimoti hauzimiki kabisa. Kipokezi chake kinaendelea kunywa kidogo kidogo kikisubiri amri. Hamishia swichi kati ya betri na kipokezi hicho.